Nduma za bondeni na maarifa ya magokoro

Mizizi inayomea kandokando ya mito ya Kisii na Nyamira imebeba lishe ambayo familia nyingi zinaihitaji. Lakini mzizi hauwi chakula mpaka apatikane anayeujua, na bonde la kuuotesha libaki mahali pake.

Siku ya soko katika Daraja Mbili, mjini Kisii, nduma hufika na matope yake. Hushushwa kutoka kwenye matatu na boda boda zikiwa ndani ya magunia yaliyolowa, zikapangwa mafungu mafungu juu ya turubai, na muuzaji haupanguzi ule udongo mweusi ulioganda kwenye ngozi yenye nywele. Mnunuzi aliyekulia nduma huinua moja, akaipima uzito mkononi, akaikwaruza kwa ukucha aone rangi ya ndani, kisha akauliza: "Mama, hizi ni za bondeni ama ni za juu?"

Kila mnunuzi ana imani yake kuhusu jibu. Kuna anayetaka nduma iliyokaa majini mwaka mzima, na kuna anayetaka ile ya shamba kavu inayovunjika kama unga. Lakini wote wanaouliza wanajua jambo moja: mzizi hubeba tabia ya mahali ulipomea.

Nililelewa na swali hilo. Magokoro, ndivyo Abagusii tunavyomwita nyanya, alikuwa na kipande cha bonde upande wa Nyamira, chini ya migomba, ambapo kijito kilipita katikati ya majani mapana kama masikio ya ndovu. Nduma za upande wa juu alizipanda yeye. Za upande wa chini hakuzipanda mtu; vichipukizi vilivyokokotwa na maji ya mvua vilishika matopeni, vikaota na kuzaana. Sisi watoto tuliona nduma tu. Yeye aliona aina mbili, tatu. Alitukataza kuchimba zile za chini kabisa, zilizokonda na kutambaa, kwa kuwa ziliwasha koo. Na katika miezi ambayo ghala la mahindi lilibaki na vumbi, yeye ndiye aliyejua ni zipi kati ya hizo zisizo na mwenyewe zingeweza kupikwa, kwa moto wa namna gani na kwa muda gani.

Maarifa hayo hakuyaandika popote. Aliyashika kwa kuyafanya, akiwa ameinama na panga mkononi, maji yakimfika kwenye vifundo vya miguu. Leo wataalamu wa lishe wanapozungumzia thamani ya mizizi inayojiotea, mimi huona kwanza mikono ile, maana bila mikono ile thamani yenyewe isingefika sufuriani.

Sindano ndani ya kiazi

Nduma ya Kenya ndiyo magimbi ya Tanzania Bara na majimbi ya visiwani. Wataalamu wa mimea huiita Colocasia esculenta. Wakenya wakizungumza Kiingereza wameizoea kwa jina la aroruti, ambalo kwa haki ni la mmea mwingine kutoka nchi za joto za Amerika, wenye wanga laini. Nduma yenyewe asili yake ni Asia ya kusini na kusini-mashariki, na imekaa Afrika karne nyingi hata tumesahau kwamba ilikuja. Imetoroka mashambani, ikaingia mitoni na kwenye vinamasi, na mahali pengi imerudi kuwa mmea wa mwitu. Kwa hiyo anayetafuta mzizi wa porini unaoliwa katika vilima hivi vyenye mashamba yaliyobanana asipoteze siku yake akitafuta msitu. Ateremke bondeni, kwenye maji.

Huko ndiko somo la kwanza la magokoro linapoanza: kuwasha. Ndani ya seli za nduma kuna fuwele za kalisi oksaleti zilizojipanga vifurushi vifurushi, kila moja nyembamba na kali kama sindano, zisizoonekana kwa macho matupu. Ukitafuna nduma mbichi, sindano hizo huchoma ulimi na koo. Ukiimenya ikiwa imelowa maji, hukuachia mikono ikiwasha. Zile zinazojiotea mtoni kwa kawaida huwa kali kuliko zilizochaguliwa na wakulima kizazi hadi kizazi, maana mmea usio na mlinzi hujilinda wenyewe.

Dawa yake ni moto na muda. Akina mama wa bondeni huchemsha nduma kwa maji mengi, hufunika sufuria barabara, huacha moto ufanye kazi hadi kisu kipenye bila kugoma, kisha huyamwaga maji yale. Wanasayansi wanakubaliana nao hatua kwa hatua: upishi wa muda mrefu hutuliza ule mwasho, na sehemu ya oksaleti inayoyeyuka hutoka pamoja na maji. Mtu aliyewahi kupata mawe kwenye figo ana sababu ya ziada ya kuyamwaga, kwa kuwa oksaleti ni mojawapo ya malighafi za mawe hayo.

Kilichomo ndani yake

Sasa tuipime sahani. Gramu 100 za nduma iliyochemshwa hutoa takriban kalori 140, gramu 35 za wanga, gramu 5 za nyuzinyuzi na karibu miligramu 480 za potasiamu. Wali mweupe wa uzani huohuo hutoa kalori 130, lakini nyuzinyuzi zake hazifiki nusu gramu na potasiamu yake haifiki miligramu 40. Kwa maneno mengine, nguvu za mwili karibu zinalingana, ila nduma huja na mizigo miwili ambayo wali umekwisha kuiacha kinuni: nyuzinyuzi za kusaidia tumbo na kupunguza kasi ya sukari kuingia katika damu, na potasiamu inayosaidia kudhibiti shinikizo la damu. Katika nyakati ambapo kila ukoo una mzee anayemeza vidonge vya presha au kisukari, tofauti hiyo si ndogo.

Wanga wa nduma una sifa nyingine. Punje zake ni ndogo mno, ndogo mara nyingi kuliko za viazi mbatata, na hilo huufanya umeng'enyeke kwa urahisi. Watu wa Hawaii wameielewa sifa hiyo kwa vizazi vingi: nduma iliyopondwa, wanayoiita poi, ni chakula chao cha zamani cha kumwanzishia mtoto. Mama wa Kebirigo au Suneka aliyemaliza miezi 6 ya kumnyonyesha mtoto wake maziwa pekee ana chakula hichohicho chini ya shamba lake, mradi amekiivisha vizuri na kukiponda hadi kilainike.

Lakini anayeipenda nduma kwa dhati hana budi kueleza na upungufu wake. Protini yake ni kidogo sana, karibu nusu gramu tu katika gramu 100. Mtoto anayeshibishwa nduma na chai ya rangi asubuhi, kisha ugali na mchuzi jioni, hulala akiwa ameshiba na mwili wake ukiwa na njaa.  Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Tumepiga hatua, kwa kuwa mwaka 2014 walikuwa asilimia 26. Hata hivyo, karibu mtoto mmoja kati ya kila watano hajafikia urefu ambao mwili wake ulikusudia.

Ndiyo sababu mezani pa magokoro nduma haikukaa peke yake. Ilisindikizwa na maharagwe, au maziwa, au chinsaga, ile mboga chungu ambayo Waswahili huiita mgagani, iliyopikwa polepole na kutiwa maziwa hadi uchungu ukageuka kuwa utamu. Mzizi ulileta nguvu. Maharagwe na maziwa yakaleta protini. Chinsaga ikaleta madini ya chuma na vitamini. Hakuna aliyetamka neno lishe, lakini sahani ilikuwa imekamilika.

Kuna jambo moja ambalo sisi wa nchi ya chai tunapaswa kulirekebisha. Tunapenda kuiteremsha nduma kwa chai nzito yenye moto. Chai ina tanini, na tanini huyakamata madini ya chuma yaliyomo katika mboga na nafaka kabla mwili haujayafyonza. Kwa mama mjamzito, kwa msichana aliyevunja ungo na kwa mtoto mdogo, ni afadhali chai ingoje saa moja baada ya chakula. 

Bibi wa Eyasi

Ili kuuona uzito wa maarifa ya mizizi, twende kwa majirani. Karibu na Ziwa Eyasi, kaskazini mwa Tanzania, Wahadza bado huchimba mizizi ya porini kwa vijiti vilivyochongwa ncha. Mzizi mmoja wanaoupenda sana ni wa mmea wa jamii ya kunde, Vigna frutescens. Huuweka motoni dakika chache, huumenya, huutafuna na kutema makapi. Mwaka 2001 mtafiti Margaret Schoeninger na wenzake walichapisha uchambuzi wa mizizi ya Wahadza, wakakuta maji mengi, pamoja na nyuzinyuzi ngumu ambazo mlaji hana njia ila kuzitema. Kwa kila kilo inayochimbwa, kinachoingia mwilini si kingi. Ubora wa mizizi hiyo uko katika uaminifu wake: ipo ardhini mwaka mzima, siku ambayo mwindaji amerudi na nyama na siku ambayo amerudi mikono mitupu.

Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake, waliofanya utafiti miongoni mwa Wahadza katika miaka ya 1980, waligundua jambo lililowashangaza. Wanawake wazee, waliokwisha kupita umri wa kuzaa, walichimba kwa bidii ya kuwapita hata vijana. Na mama alipojifungua na kushughulika na kichanga, uzito wa mtoto aliyetangulia ulifuata kazi ya bibi yake: bibi akichimba zaidi, mjukuu hunenepa. Kutokana na hayo watafiti wakajenga nadharia kwamba huenda binadamu tulijaliwa miaka mingi baada ya umri wa kuzaa kwa sababu hiyo hasa, ili kuwe na bibi wa kumchimbia mjukuu.

Niliposoma habari hizo nilimkumbuka magokoro na panga lake. Kati ya bonde la Nyamira na nyika ya Eyasi kuna lugha tofauti, ardhi tofauti na mzizi tofauti. Anayeinama ni yuleyule.

Na hainami ovyo. Kusini kabisa mwa Tanzania, katika mikoa ya Lindi na Mtwara, watu huchimba ming'oko, viazi vikuu vya mwituni vya jamii ya Dioscorea, vyembamba na vitamu, vinavyochemshwa na kuuzwa hata sokoni. Lakini katika jamii hiyohiyo ya mimea kuna ndiga, ambayo baadhi ya aina zake za mwitu hubeba sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu. Waliookolewa na ndiga wakati wa njaa waliikata vipande vyembamba na kuiloweka katika maji yanayotiririka kwa siku kadhaa kabla ya kuipika. Aliyeruka hatua hiyo alihatarisha uhai wake.

Karibu zaidi na kwetu, ng'ambo ya mpaka katika wilaya ya Tarime, mwaka 1985 ukame uliharibu mazao mengine na familia zikategemea muhogo mchungu. Muhogo huo una kemikali inayotoa sianidi, na sumu hiyo huondolewa kwa kuulowesha na kuuanika kwa siku za kutosha. Njaa ikawaharakisha watu, siku zikafupishwa, na baadhi yao wakapigwa na ugonjwa wa konzo: miguu ikakakamaa ghafla, wala haikurudi kuwa kama ilivyokuwa. Jina hilo lilitoka kwa Wayaka wa Kongo, likiwa na maana ya miguu iliyofungwa. Muhogo ulikuwa uleule waliokula miaka yote. Kilichopungua ni siku za kuutayarisha.

Kwa hiyo ninaposifu mizizi ya mwitu, simwambii msomaji achukue jembe aende mtoni kuchimba asichokijua. Namwambia amtafute anayejua, angali hai, na aandamane naye.

Bonde linanyweshwa nini?

Tatizo ni kwamba hata akimpata, huenda wasipate pa kuinamia.

Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 katika Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 katika kila kilomita ya mraba, na shamba lililomlea babu limegawanywa kwa wana, kisha kwa wajukuu, hadi wengine wanalima ukanda usiotosha kugeuza mkokoteni. Kisii ilikuwa miongoni mwa maeneo ya kwanza ya Kenya ambako serikali ya kikoloni iliwaruhusu Waafrika kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Chai ikafuata katika miaka ya 1950 na kuvalisha vilima kijani. Mazao hayo yamesomesha watoto wengi, nami ni mmoja wao. Lakini yalichukua mteremko wa juu, na chakula kikasukumwa kushuka chini hadi bondeni.

Kisha bonde nalo likapata mpangaji mpya. Mikaratusi, ambayo wengi huiita bluugamu, inakua haraka, haihitaji palizi, na soko lake liko tayari: nguzo, mbao, na kuni za viwanda vya kukaushia chai. Kwa mwenye shamba anayefanya kazi Nairobi na kurudi nyumbani Desemba, hakuna zao rahisi kama hilo. Simlaumu. Lakini mti unaokua kwa kasi hunywa kwa kasi, na ukipandwa kwenye kinamasi hukinywa kinamasi chenyewe. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliamuru mikaratusi iliyopandwa kwenye kingo za mito na vyanzo vya maji ing'olewe. Leo, ukipita kati ya Kisii na Nyamira, bado utaiona imejipanga katika mabonde, mahali palepale ambapo majani mapana ya nduma yangekuwa yakipepea.

Pale ambapo mkaratusi haujafika, tanuri la matofali limefika. Udongo mfinyanzi wa bonde ni mzuri kwa matofali, na miji inayokua inayataka. Sironga, kinamasi kinachojulikana cha Nyamira, kimeonja yote mawili, miti na matofali. Shimo la matofali hujaa maji ya mvua, lakini halina tena ule udongo mweusi uliojengwa na majani yaliyooza kwa miaka isiyohesabika. Nduma haioti kwenye shimo tupu.

Hasara hii ina upande mmoja unaosahaulika. Mahindi yakipotea katika kijiji, mbegu zake zinaweza kuwa ghalani, au katika hifadhi ya taifa ya mbegu kule Muguga. Nduma haihifadhiwi hivyo. Hupandwa kwa vichipukizi, nayo ni nadra kutoa mbegu. Ili aina fulani iendelee kuwepo, lazima iwe hai mahali fulani, imesimama majini. Bonde ndilo benki yake. Aina ile ya magokoro iliyoiva upesi bila kuwasha, ikiwa mkaratusi umekausha kipande chake na jirani hakuomba kichipukizi, imekwenda na hairudi.

Mahindi yaliponyauka

Huenda mtu akauliza: kwani tuna shida gani, si mahindi yapo? Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa virusi vya mahindi uligunduliwa kaunti jirani ya Bomet, na mwaka uliofuata ukaenea katika kanda hii. Majani yaligeuka manjano kuanzia pembeni, magunzi yakakauka bila punje. Mkulima aliyeweka ekari yake yote katika zao moja alitazama chakula cha mwaka kikifa kimesimama. Nduma na viazi vitamu havikuguswa na ugonjwa huo.

Wahenga walituambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla mahindi hayajatawala, ugali wa Abagusii, obokima, ulikuwa wa wimbi, na mizizi ilikuwa akiba ya chini ya ardhi: ghala lisilohitaji mlango wala dawa ya fukusi, kwa kuwa nduma iliyokomaa inaweza kusubiri matopeni wiki nyingi hadi siku utakayoihitaji.

Siku hizi hoteli za Nairobi zinaitandaza nduma kwenye meza ya kiamsha kinywa, na wenye kisukari huitafuta kwa ushauri wa madaktari. Ni habari njema kwa mfuko wa mkulima. Ila huko nyumbani nimeona gunia la nduma likipanda matatu alfajiri kuelekea mjini, na watoto wa boma lilelile wakienda shule na mandazi mkononi. Mauzo yanayoondoa hata fungu la jikoni yanatuuzia mbali afya ya watoto wetu.

Jirani wa Kabondo

Kwa familia isiyo na bonde, lipo jambo la kujifunza kutoka Kabondo, Homa Bay, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Huko viazi vitamu vimekuwa uti wa mgongo wa uchumi. Miaka ya karibuni wakulima wa magharibi mwa Kenya wamepokea viazi vyenye nyama ya rangi ya machungwa, vikiwemo Kabode na Vita, vilivyotokana na kazi ya watafiti wa Uganda. Rangi hiyo ni beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, kinga ya macho na ngao ya mtoto dhidi ya magonjwa. Gramu 125 tu za aina nyingi za viazi hivyo, kiazi kimoja kidogo, zinaweza kumtosheleza mtoto wa umri wa chekechea kwa siku nzima. Mwaka 2016, Robert Mwanga wa Uganda, Maria Andrade wa Cape Verde na Jan Low aliyefanya kazi Nairobi walishiriki Tuzo ya Dunia ya Chakula pamoja na Howarth Bouis kwa sababu ya kazi hiyo ya kuimarisha mazao.

Hapa Gusii tuna kitu kinachokamilisha kiazi hicho. Beta-karotini huhitaji mafuta ili ifyonzwe, na ni boma gani la Kisii au Nyamira lisilo na avokado? Kipande cha avokado juu ya kiazi cha machungwa kilichochemshwa ni dawa isiyohitaji duka. Kukichemsha pia ni bora kuliko kukichoma kwa mwenye kisukari, maana kiazi kilichochomwa hupandisha sukari ya damu haraka zaidi. Na yale majani ambayo tumezoea kumtupia ng'ombe, Tanzania huyaita matembele na huyapika kama mboga, nayo yana vitamini na madini ya chuma. Ng'ombe hatakufa njaa tukimwachia mashina na sisi tukachuma ncha changa.

Kinachowezekana wiki hii

Nduma nayo inaweza kupandishwa mlimani. Wakulima katika sehemu mbalimbali za Kenya huchimba mtaro wa kina cha karibu nusu mita, hutandika karatasi ya nailoni chini ili maji yasipotee, hurudisha udongo uliochanganywa na samadi, kisha hupanda vichipukizi kwa umbali wa takriban sentimita 30. Maji ya kuoshea vyombo yasiyo na sabuni kali yanaweza kumwagwa humo. Baada ya miezi 6 hadi 8 wanachimba. Mtaro mmoja kando ya jikoni unatosha kuiwekea familia mlo wa wikendi, na unatosha pia kuitunza aina ya nduma ambayo bonde limeshindwa kuitunza.

Lakini mtaro wa nailoni ni kimbilio. Nyumbani kwake ni bondeni. Tunahitaji kuyarudisha mabonde kwa hatua tunazoweza: kutopanda mkaratusi mpya kwenye kingo, kuivuna ile iliyopo na kung'oa visiki badala ya kuviacha vichipue, na kupanda mahali pake vitu vinavyokaa na maji kwa amani. Maji hayo hayaishii kwetu. Mto Gucha huanzia vilima vya Kiabonyoru, hupita Kisii, hushuka Migori na kumwaga katika Ziwa Victoria. Kinamasi kinachonyonywa juu humfikia mwanakijiji wa chini kama ukame msimu wa jua na kama mafuriko msimu wa mvua.

Na tunahitaji shule zetu zifanye kitu ambacho hakigharimu chochote. Wanafunzi watumwe nyumbani wakaulize: Ni mizizi gani mlikula zamani? Ilimea wapi? Ipi iliwasha, na mliituliza vipi? Waandike majibu kwa Ekegusii kwanza, maana majina ya aina hizo hayapatikani katika lugha nyingine, kisha kwa Kiswahili. Magokoro anayejua tofauti ya nduma mbili zinazofanana ni mwalimu, hata kama hakuingia darasani siku moja.

Mimi nilichelewa. Nilipoanza kuuliza, magokoro wangu alikuwa amekwisha kwenda, na niliposhuka bondeni kwake nilikuta ardhi imekauka, mikaratusi imenipita kimo mara kumi, na majani yake makavu yakivunjika chini ya viatu vyangu. Nilitafuta hadi pembe ya mwisho, pale kijito kinapogusa mpaka wa jirani. Kulikuwa na nduma tatu zimesalia matopeni. Nilizichimba na mizizi yake, nikazifunga katika gunia lililolowa, na sasa zina mtaro wake karibu na jikoni.

Zimezaana. Msimu uliopita jirani aliomba vichipukizi nikampa, akaniuliza swali lile la sokoni: ni za bondeni ama ni za juu? Nilimwambia ni za bondeni. Ila sijui bado kama ni zile tamu za magokoro, ama ni zile alizotukataza. Nilizipika za kwanza kwa maji mengi, sufuria ikiwa imefunikwa barabara, nikayamwaga maji, nikaonja kipande kidogo kwa ncha ya ulimi, nikangoja.